Jinsi Kuni Zinavyokauka

Sijawahi kuwa mwalimu mpole, wala sikuja Garissa kujifunza upole. Nilikuja kwa sababu chuo nilichofundisha kule bara kilinichoka, nami nikakichoka, na nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa huku, ng'ambo ya daraja la Tana, ambako mwenyeji akivuka kwenda Nairobi husema anakwenda Kenya. Nikapewa darasa la stashahada ya uhasibu, na ndani yake somo ambalo hakuna mwalimu mwingine aliyelitaka: uhasibu wa kijamii na mazingira.

Wenzangu walilidharau. Waliniuliza kama ninafundisha hesabu au mahubiri. Mimi nililipenda, tena nililipenda kwa sababu mbaya. Hesabu za kawaida huuliza biashara imeingiza nini na imetumia nini. Somo langu huuliza ni nani mwingine aliyelipa bila kuulizwa: mto uliotiwa sumu, kisima kilichokauka, mwanamke aliyevunjika mgongo, mti. Unamchukua mtu anayejiona safi, unamwekea uchafu wake kwenye karatasi, mstari kwa mstari, na yeye hana la kujibu. Nilizaliwa kwa kazi hiyo.

Siku ya kwanza ya kila muhula nilikuwa na mchezo wangu. Namwita mwanafunzi mbele, namwuliza kwao wanaishi kwa kazi gani. Muhula ninaousimulia alisimama kijana kutoka kijiji cha Sangailu, akasema kwa fahari kwamba babake ana ngamia. Nikamwuliza wanakunywa wapi. Akasema kwenye bwawa. Nani alilichimba? Wakiondoka, wanaobaki wanakunywa nini? Wale ngamia walipokula majani ya mwaka ule wa ukame, mbuzi wa mjane wa jirani walikula nini? Kufikia swali la tano alikuwa akiitetea familia yake kama mtu aliye kizimbani, na darasa lote linacheka. Nikawaambia: huo ndio ukaguzi. Wiki iliyofuata hakurudi. Nilisema mbele ya wenzake kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nikaendelea na somo. Sikumtafuta.

Sheria yangu ilikuwa moja, nayo niliiandika ubaoni kila kipindi: hakuna ushahidi, hakuna alama. Mhasibu haandiki "inasemekana". Anaandika nani, wapi, kiasi gani, na ameona kwa macho gani.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana wa Dagahaley, ile kambi ya wakimbizi iliyo kaskazini mwa Dadaab. Alizaliwa papo hapo kambini. Somalia aliijua kwa kusimuliwa. Alikaa safu ya mbele akiwa na jilbabu yake ya kijani iliyopauka mabegani, na alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu. Alisomeshwa na wafadhili, na masharti yao yalikuwa mafupi: ukianguka somo moja, unarudi kambini na nafasi yako anapewa mwingine. Hata kuwapo kwake mjini kulitegemea pasi, kwa maana mkimbizi hatoki kambini bila karatasi, na karatasi yake ilitegemea barua ya chuo. Hayo yote niliyajua. Faili lake lilikuwa mezani pangu.

Kazi kubwa ya muhula ilikuwa kuchagua shughuli moja ya watu unaowafahamu na kuandika hesabu yake kamili: inachukua nini kwa ardhi, inachukua nini kwa watu, na nani hajaandikwa popote. Msichana huyu alichagua biashara ya kuni. Mamake alikuwa muuza kuni. Alikuwa mjane mwenye punda mmoja na mkokoteni, na kwa punda huyo watoto watano walikuwa wamekula na kukua.

Ripoti yake ya kwanza ilikuwa na kurasa kumi na mbili, na haikuwa na kitu ndani. Wanawake, aliandika, huenda porini na kuokota kuni kavu. Kuni kavu hazidhuru mazingira kwa kuwa mti umekwisha kufa wenyewe.

Niliisoma darasani kwa sauti, huku yeye ameketi hatua mbili kutoka kwangu.

"Umekufa wenyewe," nikarudia. "Maskini mti. Ulikuwa na presha?"

Wakacheka. Nikawauliza: kambi ina watu wangapi? Imekaa miaka mingapi? Wote wanapika kila siku, na kila siku kuni kavu zipo, zinangojea tu kuokotwa, kama mana jangwani? Vyaelea vimeundwa, nikasema. Basi kuni hizo nani anazikausha? Nikamtazama yeye. Aliinamisha uso, na nikajua papo hapo kwamba jibu analo.

Nilimpa alama nne kati ya thelathini.

Alikuja ofisini mchana, saa ambayo mji mzima umejificha jua. Alisimama, sikumkaribisha kiti.

"Madam, kwa hii alama mimi nitarudi kambi."

"Najua."

"Kuna mambo yetu ya wamama haiandikwi. Si mimi nimekataa. Ni mambo ya watu, na watu wanaweza bata shida." Akiwa na wasiwasi, p yake iligeuka b ya Kisomali.

Nilimwambia maneno ambayo nayakumbuka vizuri, kwa sababu nilijisikia mwerevu nilipokuwa nikiyasema. Nilimwambia kwamba kila mwizi wa hesabu niliyewahi kumkamata alianza kwa kusema kuna mambo ya watu. Kwamba somo hili lipo kwa ajili ya yale yasiyoandikwa. Kama anayaona makubwa kuliko stashahada, basi ayachukue arudi nayo kambini, akakae nayo, yatamfaa wakati wa kupika. Nikampa siku kumi.

Hakulia. Alisema, "Sawa, Madam," akaenda kuomba pasi ya kwenda nyumbani.

Ripoti ya pili ilikuwa na kurasa sita. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Nimefundisha miaka mingi na sijasoma kazi ya mwanafunzi iliyonifurahisha kiasi kile. Nilipiga meza kwa furaha kama shabiki ambaye timu yake imefunga bao zuri.

Wanawake hawakati mti mbichi, aliandika, kwa sababu ukikutwa nao unanyang'anywa. Wanakwenda na kisu tu. Wanaubambua mgunga ganda lake karibu na ardhi, kuzunguka shina lote, upana wa viganja viwili, kisha wanauacha umesimama. Mti hufa polepole, miezi minne au mitano, kutegemea mvua. Mwenye mti hufunga kitambaa tawini ili wenzake wajue una mwenyewe, na hakuna mwanamke anayegusa mti wenye kitambaa cha mwingine. Kufanya hivyo ni aibu kuliko kuiba mbuzi. Ukishakauka anarudi na mkokoteni, anaukata, na akisimamishwa njiani na walinzi wa miti, wanakuta kuni kavu, halali kabisa. Kila mwanamke ana kitambaa chake. Cha mama yangu, aliandika, ni chekundu chenye maua meupe, kimechanwa kutoka dera lake la zamani. Ana miti kumi na tisa. Iko upande wa kulia ukishavuka laga ya pili, ule mkondo mkavu wenye mawe meupe. Niliihesabu mwenyewe, nikaigusa.

Kisha akafanya hesabu. Mti mmoja ulipikia familia ngapi, kwa siku ngapi. Mgunga hukua kwa miaka mingapi mpaka kufika unene ule. Mamake alitembea umbali gani alipokuwa yeye mdogo, na anatembea umbali gani sasa. Mwishoni kulikuwa na jedwali la wasioandikwa, na kwenye mstari wa kwanza aliandika: mti. Wa pili: mama.

Aliwaandika hao wawili tu. Pembeni niliandika kwa kalamu nyekundu: Na wanawake wengine? Alipokuja kuichukua alisoma swali langu, akajibu kwa mdomo.

"Madam, ya mama yangu mimi naweza toa. Ya wengine si yangu."

Niliona ni kasoro. Nikamkata alama mbili, nikampa ishirini na nane. Nafasi yake ya masomo ikawa salama, na mimi nikajiona mwalimu aliyemtoa mtu ujingani kwa viboko vya haki.

Mwezi uliofuata chuo kilikuwa na siku ya wadau. Wageni walitoka ofisi mbalimbali, wengine za serikali, wengine za mashirika, wengine wa kamati za wenyeji zinazolinda miti. Mkuu wa idara alitaka kila mwalimu aonyeshe kitu. Mimi nilijua nitaonyesha nini. Nilifuta jina la msichana. Jina la kambi nalo nikalifuta, nikaandika "kambi moja". Nilifanya kama nilivyowafundisha: mtoa habari halindwi kwa maneno, analindwa kwa kufutwa jina. Kitambaa nilikiacha, na laga nikaiacha, na mawe meupe. Ningeviondoaje? Vyenyewe ndivyo vilikuwa ushahidi. Bila kitambaa ingekuwa hadithi tu, na mimi sikuwa mwalimu wa hadithi.

Nilisema vizuri siku ile. Wageni walioanza kusinzia kwa joto waliamka. Niliposimulia jinsi ganda linavyobambuliwa mzee mmoja alipiga ulimi kwa masikitiko, na bwana wa safu ya pili akatoa daftari mfukoni.

"Samahani, mwalimu. Umesema kitambaa rangi gani?"

"Chekundu," nikasema. "Chenye maua meupe."

Nilirudia pole pole ili aandike. Nilifurahi kwamba mtu anaandika.

Msichana alikuwa mmoja wa wanafunzi waliopangiwa kuwahudumia wageni. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la sambusa. Nilimwona akiliweka chini sakafuni, taratibu, kisha akatoka nje. Nilidhani ni joto. Au tuseme niliamua ni joto, kwa sababu nilikuwa katikati ya sentensi nzuri.

Wiki tatu baadaye hakuonekana darasani siku tano. Aliporudi nilimsimamisha, kama nilivyomsimamisha kila aliyekosa.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Madam. Tulikuwa na shida. Bunda yetu imekufa."

Kuna waliocheka kwa chini, kwa jinsi alivyomtamka punda. Nami, kwa mdomo huu, nikasema: "Pole sana. Na umemwandika wapi? Upotevu wa mali, au gharama ya mazingira?"

Darasa lililipuka. Yeye alingoja kelele zishuke.

"Bado sijajua, Madam," akasema.

Nikamsifu kwa kujibu kama mhasibu, nikamwambia akae. Nimejiuliza mara nyingi kama wakati ule nilijua. Nikageukia ubao na kuanza mada mpya.

Muhula wa mwisho wanafunzi hupelekwa kazini kujifunza kwa vitendo, na mwalimu huwafuata huko huko kuwapima. Yeye alipangiwa ghala moja Dagahaley, kazi ya kuandika magunia ya mgao yanayoingia na kutoka. Nilikwenda na fomu yangu. Msimamizi wake alimsifu mpaka akarudia maneno. Vitabu vyake vilikuwa safi. Nilijaza visanduku vyote upande wa juu kabisa, nikatia sahihi, nikafunga kalamu.

"Madam," akasema, "mama anasema usiende bila chai."

Nilijaribu kukataa kwa kisingizio cha gari. Akaniambia mamake amekuwa akipika tangu asubuhi. Tukatembea pamoja kwenye vumbi lile, tukipita maduka ya mabati na nyua za miba, yeye mbele kidogo. Tulipokaribia kwao akasimama.

"Kuna kitu lazima ujue kwanza, ndio usiseme maneno mbaya mbele yake."

Akanieleza bila kupandisha sauti. Baada ya siku ya wadau, walinzi wa miti walikwenda moja kwa moja kwenye laga ya pili. Hawakukata kitu. Walikaa kwenye kivuli karibu na miti yenye kitambaa chekundu wakangoja, na siku ya tatu mamake akaja. Walichukua mkokoteni na punda. Punda alifungwa kwenye ua wa ofisi yao. Hakuna aliyejua ni kazi ya nani kumpa maji. Alikufa siku ya tisa. Mkokoteni uko huko mpaka leo, umeng'olewa magurudumu. Sasa mamake huenda porini kwa miguu, anarudi na mzigo mgongoni, na anaenda mara mbili ili apate nusu ya alichopata zamani.

Nikasema, "Nitamwambia mama ni mimi. Leo hii. Nitamwomba msamaha."

"Hapana, Madam."

"Ni haki yake."

"Ukiambia yeye ni wewe, atauliza nani aliambia wewe." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tuanze kutembea. "Hiyo mambo yote, miti ngapi, wapi, kitambaa gani, mtu mwingine hajui. Ni mimi na yeye tu. Na jirani."

Jirani, akaeleza, ni mwanamke mwenye kitambaa cha bluu. Miti yake imechanganyika na ya mamake kule lagani. Wamekwenda porini pamoja tangu wote wawili wakiwa wasichana. Walinzi hawakugusa hata mmoja wa miti ya bluu. Wala hawakumngoja. Basi mamake akajua ni nani aliyemchoma kwa walinzi.

"Kwa nini hawakugusa ya bluu?" niliuliza, ingawa sikuwa na haja ya kuuliza.

"Kwa sababu mimi sikuandika, Madam."

Nilitaka anitukane. Ningejua la kufanya na tusi. Yeye aliinua kamba ya lango la miba, akanipisha niingie kwanza, kwa kuwa mimi ni mgeni na mkubwa.

Mama alikuwa mwembamba na mrefu, amepinda upande mmoja, mkono mmoja ukibonyeza kiuno hata alipokuwa akicheka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na uzito, kwa hiyo binti alitafsiri. Tuliketi kwenye mkeka. Chai ilikuwa na maziwa ya ngamia na iliki nyingi, na pembeni aliweka mahamri na tende na sahani ya nyama ya mbuzi ambayo nilijua haikupatikana kwa urahisi.

"Mahadsanid, macallimad," akaniambia, asante mwalimu, na akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka na kamba. Binti akatafsiri yaliyofuata, macho yake kwenye kikombe: "Mama anasema watu walimwambia msichana hawezi hesabu. Anasema wewe ulikuwa mkali, na yeye alijua mkali ndio anafundisha. Anasema Mungu akulipe."

Nikasema amina.

Kisha mama akaanza kusimulia habari ya punda. Alisimulia kirefu, akionyesha kwa kidole upande wa pili wa ua, na binti akatafsiri kidogo kidogo kila kitu alichokuwa ameniambia njiani, kama ni mara ya kwanza mimi kusikia. Nikatikisa kichwa palipotakiwa kutikisa. Alipomaliza, mama alinigeukia na kuniuliza swali, na akangoja.

"Mama anauliza," binti akasema. "Yeye bado anaongea na huyo jirani. Wanasalimiana, kwa sababu ya dini, na kwa sababu hajaona kwa macho. Lakini moyo yake imekataa. Anasema wewe ni mtu amesoma, na hii ndio kazi yako, kujua nani amefanya nini. Anauliza kwenu Kenya mtu kama huyo anafanywa nini?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema kwetu mtu hahukumiwi bila ushahidi. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika ubaoni muhula baada ya muhula. Lakini niliogopa. Niliogopa kwamba nikimtetea jirani, mama atauliza mbona namtetea mtu nisiyemjua. Nilimtazama binti anisaidie. Alikuwa anangoja jibu langu atafsiri, kama mtu anayengoja kuambiwa aandike nini.

"Kwetu," nikasema, "mtu kama huyo hasalimiwi."

Binti aliweka kikombe chake chini. Kisha akatafsiri, na nadhani alitafsiri sawasawa, kwa sababu mama alishusha pumzi ndefu kama aliyetuliwa mzigo, akapigapiga goti langu, akanijazia kikombe.

Hatukuwa tumekaa sana baada ya hapo. Mwanamke mmoja wa makamo alipita nje ya ua na mtungi wa maji, akasimama langoni alipoona kuna mgeni. Alitabasamu. Kichwani alikuwa amejifunga kitambaa cha bluu.

"Assalaamu aleikum," akasema.

Mama aliendelea kumimina chai. Yule mwanamke akarudia salamu, safari hii kwa sauti ya juu kidogo, akidhani hatukusikia. Mwanafunzi wangu, aliyejua kila kitu, hakuitika. Mimi nilikuwa na chai mdomoni. Niliimeza, nikaomba sukari.